Shajara ya mradi: Kuifuata dola ya mahakama ya California hadi mezani kwa mbunge

Agosti

Kazi ya mradi huu ni moja: kuzichukua ripoti za matumizi ambazo Baraza la Mahakama la California, chombo kinachosimamia mahakama za jimbo hilo, hupeleka kwa Bunge la jimbo, na kuzipanga katika jedwali moja ambalo msaidizi wa mbunge anaweza kulisoma usiku wa kuamkia kikao cha kamati, akaingia kikaoni na maswali yanayojibika. Tunaoifanya ni watu wachache wa Sacramento, sote wa kujitolea. Mimi ni mhasibu. Yupo kijana wa takwimu, na yupo mama mmoja mzaliwa wa Mombasa aliyestaafu baada ya miaka mingi ya ukarani wa mahakama hapa hapa California; sote tunamwita Bi Mkubwa. Shajara naiandika kwa Kiswahili kwa kuwa najua wapo wenzetu Nairobi, Dodoma na kwingineko wanaofuatilia fedha za mahakama zao, na huenda njia tunayopita ikawafaa.

Nianze na msingi. California ina kaunti 58, na kila kaunti ina mahakama yake inayosikiliza mashauri yote, kuanzia faini za barabarani hadi kesi za mauaji. Zamani kaunti ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya gharama. Sheria ya mwaka 1997, inayojulikana kwa majina ya Lockyer na Isenberg, iliuhamishia mzigo huo serikali ya jimbo kuanzia Januari 1998. Mwaka 2002 ikaja sheria nyingine ya kuhamisha majengo. Leo bajeti ya mhimili wa mahakama, takriban dola bilioni 5 kwa mwaka, inapitishwa na wabunge 120: maseneta 40 na wajumbe 80 wa Baraza la Wawakilishi.

Mlipaji ni mmoja na watumiaji ni 58. Kila mahakama ina jaji kiongozi na mtendaji wake, na majaji husimama mbele ya wapiga kura wa kaunti, hawaitwi bungeni kama mawaziri. Katika mpangilio huo, ripoti ndiyo njia karibu pekee ya mbunge kuona fedha zilikofika bila kuugusa uhuru wa jaji wa kuamua shauri. Ndiyo maana naona kazi hii inastahili jioni zetu.

Septemba

Tumeorodhesha ripoti tunazozihitaji. Uti wa mgongo ni zile mbili zinazotajwa katika kifungu cha 77202.5 cha sheria za serikali za California. Ya kwanza hutakiwa ifikapo Septemba 30: fedha ambazo kila mahakama ya kaunti iligawiwa na kurejeshewa katika mwaka wa fedha uliokwisha Juni 30, pamoja na kiasi ilichokatwa kwa huduma zinazotolewa na makao makuu, yaani ofisi za Baraza la Mahakama. Ya pili hutakiwa ifikapo Desemba 31: mapato, matumizi, akiba na salio la kila mahakama. Zote mbili huelekezwa kwa wenyeviti wa kamati za bajeti na za masuala ya mahakama katika mabaraza yote mawili. Kando yake kuna ripoti ya mikataba na manunuzi, ambayo hutoka mara mbili kwa mwaka na kufika pia kwa Mkaguzi wa Hesabu wa Jimbo.

Tazameni kalenda. Hesabu za matumizi zinakuja Desemba 31. Gavana anatakiwa kuwasilisha bajeti ya mwaka unaofuata ifikapo Januari 10. Mei 14 analeta marekebisho, na Juni 15 Bunge liwe limeshapitisha. Msaidizi wa mbunge ana siku kumi za kulinganisha mahakama zilivyotumia na zinavyoomba, na katika siku hizo kumi anasubiri pia bajeti ya shule, magereza, hospitali na barabara. Hata akiwa hodari namna gani, hawezi kuzifungua kurasa hizo zote na kuzioanisha na za miaka iliyopita. Atasoma muhtasari, na muhtasari umeandikwa na anayeomba fedha.

Uamuzi wa kwanza wa jedwali letu: safu nne zisizochanganywa hata mara moja. Kilichotengwa, yaani alichoidhinisha mbunge. Kilichogawiwa, yaani kilichopelekwa na Baraza la Mahakama kwa kila kaunti. Kilichofungwa kwa mkataba lakini hakijalipwa. Kilichotumika. Kijana wa takwimu alitaka safu ya tatu iunganishwe na ya nne kwa kuwa fedha hizo haziwezi tena kufanya kazi nyingine. Bi Mkubwa akamkatalia: "Mwanangu, mkataba huvunjwa. Nimeona mikataba ikivunjwa mwezi Mei na fedha zikarudi. Ukiziandika zimetumika, nani atauliza zilikwenda wapi?" Safu zikabaki nne.

Oktoba

Mwezi wote umekwenda kwenye jambo ambalo sasa naliona ndilo kiini cha mradi: mpaka wa hesabu. Kila tarakimu katika ripoti hizi ina vitu ilivyovibeba na vitu ilivyoviacha nje, na vilivyo nje hubadilika kila sheria inapobadilika.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni ulinzi. Hadi 2011, fedha za askari wa sherifu wanaolinda vyumba vya mahakama zilipitia kwenye bajeti ya mahakama. Mwaka huo jimbo lilipanga upya majukumu kati yake na kaunti, na fedha za ulinzi zikaanza kwenda moja kwa moja kwa kaunti. Ukichora mstari wa matumizi kutoka 2009 hadi 2013 bila kulijua hilo, utaona mporomoko. Sehemu ya mporomoko ni kweli, maana ilikuwa miaka ya dhiki. Sehemu nyingine ni fedha zilizohama daftari, na askari yule yule bado amesimama mlangoni.

Mfano wa pili ni mishahara ya majaji. Inalipwa na jimbo kutoka fungu lake, kwa hiyo haimo katika matumizi ambayo mahakama ya kaunti inayaripoti. Mtu akigawanya matumizi ya mahakama kwa idadi ya mashauri ili apate "gharama ya shauri moja", amepata gharama ya shauri lisilo na jaji. Majengo nayo yana hesabu zake chini ya Baraza la Mahakama.

Wa tatu ni wa karibuni, na ndio unaowachanganya wengi. Mtu asipolipa faini au asipofika mahakamani kwa kosa la barabarani, mahakama ilikuwa na uwezo wa kumuongezea tozo ya hadi dola 300, na mapato ya tozo hiyo yalisaidia kuendesha mahakama zenyewe. Kwa watu wa kipato cha chini ilikuwa balaa: faini ya kosa dogo la barabarani ikageuka deni la miaka. Halafu lilikuwapo swali la haki, kwa sababu anayeamua tozo alikuwa na maslahi katika tozo. Sheria ya 2022 ikaishusha hadi kiwango cha juu cha dola 100, na mapato yake yakaelekezwa kwenye mfuko mkuu wa jimbo. Bunge likaongeza fedha kuziba pengo. Katika ripoti, mapato ya ndani ya mahakama yanashuka na mchango wa jimbo unapanda kwa wakati mmoja. Mbunge asiyejua historia atasema mahakama zimependelewa mwaka ule. Ukweli ni kwamba chanzo cha fedha kimebadilishwa na kuwa safi zaidi, na mimi naona ni moja ya mabadiliko bora ambayo Bunge hili limeyafanya kuhusu mahakama.

Tumeongeza safu ya tano, iitwayo "mpaka". Kila mwaka wa kila mahakama unaeleza kwa sentensi fupi nini kimeingia na nini kimetoka tangu mwaka uliotangulia. Inatula muda kuliko tarakimu zenyewe, na bila hiyo tarakimu zinadanganya.

Novemba

Kijana wa takwimu ameuliza kwa nini sheria za kuripoti zimeandikwa kwa ukali namna hii, hasa za mikataba. Tumetumia jioni kadhaa kumjibu, na jibu naliweka hapa kwa urefu kwa sababu hakuna mfano bora wa ripoti iliyofika bungeni ikiwa na tarakimu bila kuwa na hesabu.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, uongozi wa mahakama uliamua kutengeneza mfumo mmoja wa kompyuta wa kuendeshea mashauri katika kaunti zote 58. Nia ilikuwa njema: polisi wa kaunti moja waione amri ya ulinzi iliyotolewa kaunti nyingine, na wakili afungue shauri popote kwa namna moja. Mwaka 2004 makadirio ya gharama yalikuwa dola milioni 260. Kufikia 2010 yalikuwa dola bilioni 1.9. Mkataba mkuu na kampuni iliyoutengeneza ulirekebishwa mara 102, ukapanda kutoka dola milioni 33 hadi dola milioni 310.

Ripoti ya Mkaguzi wa Hesabu wa Jimbo, ya Februari 2011, ndiyo iliyoziweka tarakimu hizo pamoja. Ilionyesha pia kwamba kwa miaka kadhaa ripoti za mwaka zilizokwenda bungeni hazikubeba makadirio kamili ya gharama. Mahakama saba zilikuwa zimeanza kutumia matoleo ya muda ya mfumo, zikiwamo za Los Angeles, Orange, San Diego, Sacramento na Fresno, na fedha zilizotoka katika bajeti zao wenyewe hazikuonekana pamoja na za makao makuu. Kila ofisi ilijua kipande chake. Hakuna karatasi moja mezani kwa mbunge iliyosema mradi wote utagharimu kiasi gani hadi mwisho.

Na ulikuwa wakati gani! Kuanzia Septemba 2009 mahakama zote za jimbo zilifungwa Jumatano ya tatu ya kila mwezi ili kuokoa fedha. Bi Mkubwa anaikumbuka miezi hiyo: watu walifika na watoto wao kutafuta amri ya kuzuia mume mpigaji, wakakuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa. Majaji wengine walikasirika kiasi cha kuanzisha umoja wao mwaka 2009 kupinga makao makuu waziwazi. Machi 27, 2012 Baraza la Mahakama lilipiga kura kuusimamisha mradi. Takriban dola nusu bilioni zilikuwa zimeshatumika, na toleo la mwisho, lile lililokusudiwa kwa jimbo zima, halikuwahi kufungwa katika mahakama hata moja.

Sheria ya mikataba ya mahakama ya 2011 ilizaliwa humo. Ndiyo inayotaka ripoti mbili za mikataba kila mwaka. Ndiyo inayotaka pia Mkaguzi ajulishwe kuhusu mkataba unaokadiriwa kuzidi dola milioni moja, isipokuwa aina chache zilizotajwa. Kwa jedwali letu tumejifunza kuzisoma ripoti hizo kwa jicho moja: marekebisho. Mkataba mpya huvuta macho kwa sababu una jina na bei. Rekebisho la kumi la mkataba wa zamani hupita kimya. Sasa kila mkataba una mstari wake unaoonyesha bei ya kwanza, kila nyongeza na jumla ya leo, hata kama nyongeza zimetawanyika katika ripoti za miaka tofauti.

Desemba

Wiki hizi ni za bakaa. Mbunge anapotaka kujua kama mahakama ina njaa kweli, hutazama salio la mwisho wa mwaka, na salio la mahakama za California linahitaji maelezo.

Zamani mahakama ziliruhusiwa kuweka akiba. Katika dhiki ya bajeti, Bunge likaona fedha zimelala kwenye akaunti wakati jimbo linakata huduma, likaweka kikomo: kuanzia Juni 30, 2014, mahakama ibaki na asilimia 1 tu ya bajeti yake ya uendeshaji, na inayozidi ipunguzwe kwenye mgao wa mwaka unaofuata. Chukua mahakama ya kubuni yenye bajeti ya dola milioni 20. Asilimia 1 ni dola 200,000, matumizi yasiyotimia siku nne. Mtendaji wa mahakama hiyo hawezi kulipa mishahara ikiwa mgao utachelewa wiki moja, wala hawezi kudunduliza miaka mitatu ili abadilishe mfumo wa kompyuta uliochakaa. Mwaka 2020 kikomo kilipandishwa hadi asilimia 3. Ilikuwa nafuu, ingawa naamini kilibaki kidogo kwa mahakama ndogo.

Njia iliyopatikana mwaka 2016 ni kwamba mahakama yenye mradi maalumu inaweza kuomba fedha zake zinazozidi kikomo zishikiliwe kwa niaba yake katika mfuko mkuu wa mahakama wa jimbo. Ni utaratibu wa busara, lakini unagusa mpaka wa hesabu tena. Fedha hizo hazionekani kwenye salio la kaunti, zinaonekana kwingine. Tumeziwekea mstari wake chini ya kila kaunti husika, na rangi tofauti, ili anayesoma asidhani mahakama imefilisika wala asidhani kuna hazina iliyofichwa.

Januari

Bajeti ya gavana imetoka. Tumemaliza kuingiza ripoti ya Desemba kwa kaunti zote.

Jambo la kutahadharisha: msilinganishe kaunti kwa gharama ya kila mkazi. Alpine, kule milimani, ina wakazi wapatao 1,200 na mahakama ya majaji wawili. Los Angeles ina wakazi wapatao milioni 10 na ndiyo mahakama kubwa ya aina yake Marekani nzima. Alpine lazima iwe na karani, mlango ulio wazi na mtu wa kupokea ombi la talaka, hata ikipokea machache. Kanuni ya kugawa fedha kwa uzito wa kazi, iliyopitishwa Aprili 2013, hupima mashauri yanayofunguliwa na dakika ambazo kila aina ya shauri humgharimu mtumishi, kisha hukadiria watumishi wanaohitajika. Kwa mahakama ndogo kabisa kuna kiwango cha chini kisichoshushwa. Tumeondoa kabisa safu ya gharama kwa mkazi. Kulikuwa na mvutano kidogo, ukaisha.

Februari

Wakalimani. Fungu lao liko peke yake katika bajeti, na ripoti ya matumizi yake huonyesha kila kaunti ilivyowalipa walioajiriwa, wa mkataba, na safari zao.

Hapa Kiswahili kinaingia kwa haki yake. Katiba ya California inampa mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza haki ya mkalimani, na tangu 2015 sheria inaziongoza mahakama kutoa wakalimani hata katika mashauri ya madai, kwa kufuata vipaumbele fedha zisipotosha. Lugha zenye mtihani kamili wa jimbo ni kama Kihispania, Kivietinamu, Kipunjabi na Kiarabu. Kiswahili hakimo, kwa hiyo mkalimani wetu hupita mlango wa pili, wa wakalimani waliosajiliwa. Familia za Kikongo na za Afrika Mashariki zipo San Diego na kwingine, lakini hazijaenea kila kaunti. Kaunti ya bondeni, katikati ya California, ikimhitaji mkalimani wa Kiswahili kwa shauri la saa moja, huenda ikamlipa wa mbali safari yake pia, au imuite kwa video.

Mtu akiona gharama ya safari iko juu, rahisi kusema ni ubadhirifu. Bi Mkubwa, aliyewahi kumwona mama wa Kikongo akitafsiriwa na mtoto wake wa shule katika shauri la nyumba, hataki kusikia neno hilo. Mtoto akamwambia hakimu mambo ambayo mama hakuyasema, kwa kuwa aliona aibu kuyasema ya kweli. Tumeandika katika safu ya mpaka: gharama ya safari hupanda pale lugha ilipo adimu, si pale mahakama ilipo zembe. Mbunge akitaka kuipunguza, fedha za kusomesha na kusajili wakalimani wapya wa lugha hizo ndizo zitakazofanya kazi hiyo.

Machi

Kamati ndogo za bajeti zimeanza vikao. Msaidizi mmoja wa mbunge ametumia jedwali letu na kutuandikia swali, na swali lenyewe ni zuri: fedha za wanaoandika mwenendo wa mashauri zimefika wapi?

Tangu mwaka wa fedha 2021–22 Bunge limekuwa likitoa dola milioni 30 kila mwaka kuajiri na kubakiza watumishi hao, wanaoandika kwa mashine kila neno linalosemwa mahakamani. Ni wachache kupindukia. Sheria inazuia kurekodi kwa sauti katika aina nyingi za mashauri, zikiwamo talaka na malezi ya watoto, kwa hiyo asipokuwapo mwandishi mara nyingi hakuna mwenendo, na pasipo mwenendo mtu hawezi kukata rufaa ya maana. Fedha hizo mwanzoni hazikutumika zote. Kikao kimoja kinaweza kusikia hilo na kuamua zikatwe. Tulimwonyesha safu nne kwa pamoja: kilichotengwa kiko juu, kilichogawiwa kiko juu, kilichotumika kiko chini. Safu ya mpaka inaeleza: masharti ya mwanzo yalifunga fedha kwa aina fulani za mashauri na Bunge likayalegeza baadaye, na soko la ajira lina waandishi wachache kuliko nafasi. Fedha kubaki hapa ni dalili ya upungufu wa watu. Amejibu kwamba atauliza ni wangapi walioajiriwa na wangapi walioondoka, kaunti kwa kaunti. Hilo ndilo swali tulilotaka liulizwe.

Wakati huo huo yeye na wenzake wanajadili athari za makato ya dola milioni 97 ambayo mahakama za kaunti zilipata katika bajeti ya 2024, ambayo baadaye sehemu yake, dola milioni 42, ilirejeshwa. Baadhi ya mahakama zilipunguza saa za dirishani, yaani za kuhudumia umma. Ripoti ya fedha haina safu ya saa za dirishani, na wala hailazimiki kuwa nayo.

Aprili

Yaliyobaki kabla ya marekebisho ya gavana Mei 14: kuingiza ripoti ya karibuni ya mikataba, kukagua upya mistari yote ya mwaka 2011 ambapo ulinzi ulihama, na kuanza jedwali dogo la pembeni la saa ambazo dirisha la kila mahakama liko wazi kwa umma, kwa kuzichukua kutoka matangazo ya mahakama zenyewe. Bi Mkubwa amechukua kaunti za kaskazini, kijana wa takwimu za pwani, mimi za bonde. Jedwali likiwa tayari, msaidizi yeyote wa mbunge ataweza kuona kwa kaunti yake fedha zilipokatwa na saa zilizofungwa zikiwa ubavuni mwake.